OILI YA INJINI: JINSI YA KUICHAGUA NA KUIBADILI KATIKA NCHI YA VUMBI

Wasomaji wetu, leo twapenda kuweka mbele yenu somo juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni oili ya injini. Zamani katika nchi hii ya katikati wenye magari waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Siku hizi ni shida kupata kijiji kisichokuwa na pikipiki, na vijiji vingi vina pikapu, trekta au mashine ya kusaga nafaka. Tena tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, magari yamezidi sana katika barabara zetu. Mali imekuja, lakini elimu ya kuitunza mali hiyo haikuja pamoja nayo. Kwa sababu hiyo twaomba wazee, watendaji wa vijiji, walimu na ninyi nyote mjuao kusoma mtusikilize kwa muda, kisha mkawasomee na wale wasiojua.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Watu wa nchi hii wakisema "mafuta" ya gari, maana yake ni petroli au dizeli, yaani chakula cha injini, kinachochomwa na kwisha. Oili si chakula. Oili hukaa ndani ya injini, ikizunguka humo saa zote injini inapofanya kazi, mfano wa damu katika mwili. Gari likiishiwa mafuta husimama tu, na likitiwa mafuta huondoka. Lakini gari likikosa oili hufa, wala kutiwa oili baadaye hakulifufui.

HABARI YA KIKUNDI KIMOJA

Kabla ya kuanza mafundisho twataka kueleza habari iliyotupata sisi wenyewe, ili msomaji ajue kwamba hatusemi maneno ya vitabuni tu. Miaka michache iliyopita tulikuwa karani wa kikundi cha wakulima wa zabibu katika kijiji kimoja karibu na mji wa Dodoma. Kikundi kilichanga fedha kwa misimu kadhaa, kikanunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika, ili zabibu zifike sokoni upesi. Siku gari lilipofika, akina mama walipiga vigelegele, na wazee walilizunguka wakiligusa kana kwamba ni ng'ombe wa mahari.

Dereva tuliyemweka alikuwa kijana mpole, tena mwaminifu. Tulimsifu katika mikutano kwa sababu hakuomba fedha ovyo. Oili ilipopungua aliongeza chupa moja ya namna yo yote aliyoiona dukani, oili ilipokuwa nyeusi alisema, "Nyeusi ndiyo iliyozoea injini." Chujio lake halikubadilishwa hata mara moja. Nasi tulifurahi, tukidhani tunaweka akiba.

Basi katika mavuno ya mwezi wa Agosti, gari likiwa limejaa makreti ya zabibu, taa nyekundu ya oili iliwaka njiani. Dereva akawaambia waliokuwa pamoja naye, "Ni taa tu, tutaitazama tukifika." Hawakufika. Baada ya mwendo mfupi injini ikalia kama nyundo juu ya fuawe, kisha ikanyamaza, wala haikuzunguka tena. Fundi alipoifungua alituonyesha beringi zilizokwisha kuliwa, na chini ya sampu utope mweusi mzito kama lami. Zabibu zilikaa juani siku mbili tukitafuta gari la kukodi, na sehemu kubwa ikaoza. Gharama ya kutengeneza injini ile ingalitosha kununua oili na vyujio kwa miaka mingi.

Wengine walitaka kumlaumu dereva. Walakini sisi tulijua lawama ni ya nani. Katika daftari letu tulikuwa tumeandika kila kilo ya zabibu na kila shilingi ya mwanachama, lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa oili. Tulikuwa karani, na kazi ya karani ni kuandika.

KAZI YA OILI

Ndani ya injini mna vyuma vingi vinavyosuguana. Gari likienda mwendo wa kawaida, mhimili wa injini huzunguka mara 2,000 au 3,000 kwa dakika moja. Vyuma hivyo vingegusana vikavu, vingepata moto na kushikana kwa muda mfupi sana. Oili hukaa kati yao kama utando mwembamba usioonekana, vyuma visigusane. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Kazi ya pili ni kupoza. Maji ya rejeta hupoza sehemu za juu za injini, lakini kuna sehemu ambazo maji hayafiki, na huko ni oili ichukuayo joto. Kazi ya tatu ni kusafisha: oili hubeba masizi na unga wa chuma, na kuupeleka kwenye chujio. Kazi ya nne ni kuziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda, nguvu ya mlipuko isivuje. Ya tano ni kuzuia kutu.

Sasa msomaji ataona kwa nini oili huzeeka. Kila siku hupikwa kwa joto kali, huchanganyika na masizi, huingiwa na petroli au dizeli kidogo isiyoungua, na dawa zilizotiwa ndani yake kiwandani hupungua nguvu. Kwa hiyo mtu aongezaye oili mpya juu ya ile ya zamani siku zote, asiibadili, ni mfano wa mtu aongezaye maji safi katika mtungi wenye tope. Mtungi umejaa, lakini maji hayanyweki.

VUMBI LA NCHI YETU

Vitabu vya magari huandikwa kwa ajili ya ulimwengu wote, lakini huwa na sehemu iitwayo hali ngumu za kazi. Humo hutajwa barabara za vumbi na mashimo, kubeba mizigo mizito, safari fupi fupi za kila mara, na kusimama muda mrefu injini ikinguruma. Ndugu wasomaji, hayo si maisha ya magari yetu ya vijijini? Dodoma iko kadiri ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nchi kavu ambayo mvua yake ni ya miezi michache tu, Desemba mpaka Aprili. Miezi mingine ni jua, upepo na vumbi. Barabara kubwa za kwenda Iringa, Kondoa na Babati zimekwisha kutiwa lami, lakini mwenye kulima halimi kando ya lami. Mazao yake hutoka katika njia za vumbi.

Vumbi hilo lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikiingia katika injini, oili huzibeba, na ile oili iliyowekwa ilinde vyuma hugeuka kuwa msasa wa kuvila. Mlango mkubwa wa vumbi ni chujio la hewa. Kwa hiyo abadiliye oili bila kutazama chujio la hewa ni kama afungaye dirisha na kuacha mlango wazi. Chujio hilo litazamwe mara nyingi wakati wa kiangazi, na likichanika au kuziba libadilishwe.

Wazee wa Kongwa wana mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mashamba makubwa ya karanga. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha kutumika katika Vita Kuu ya Pili. Kiangazi ardhi ilikauka ikawa ngumu kama tofali, na mchanga wake ukala majembe ya chuma. Matrekta yakaharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na wengi wa waliokabidhiwa mashine hizo walikuwa hawajapata mafundisho ya kutosha. Mwanzo wa mwaka 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kupotea kadiri ya pauni milioni 36. Hatusemi kwamba oili ndiyo iliyovunja kazi ile. Sababu zilikuwa nyingi, na mvua haba ilikuwa mojawapo. Twasema hivi tu: ikiwa nchi hii iliweza kuyashinda matrekta ya serikali kubwa yenye fedha nyingi, je, itaihurumia pikapu ya kikundi cha kijiji?

KUCHAGUA OILI

Watu wengi wakiingia dukani husema, "Nipe oili nzuri." Ombi hilo halina maana, kwa sababu oili nzuri kwa trekta yaweza kuwa mbaya kwa gari dogo, na oili nzuri kwa gari yaweza kuiharibu pikipiki. Neno la kusema ni, "Nipe oili ambayo kitabu cha gari langu kinaitaka." Mambo ya kutazama ni matatu.

Jambo la kwanza ni uzito wa oili. Juu ya dumu utaona maandishi kama 5W-30, 15W-40 au 20W-50, yakitanguliwa na herufi SAE, ambazo ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoanza kuzipanga oili kwa uzito mwaka 1911. Wengine hudhani kwamba namba kubwa ni ya oili bora. Sivyo. Namba ni za uzito, si za ubora.

Tufikiri habari za asali. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai asali haimiminiki upesi. Ikiwekwa karibu na moto hutiririka kama maji. Oili nayo ni hivyo. Namba ya kwanza, iliyo pamoja na herufi W, yaeleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi, maana herufi hiyo ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi zaidi wakati injini ni baridi. Namba ya pili yaeleza uzito wake injini ikiwa na moto, katika joto la digrii 100. Ikiwa kubwa, oili hubaki nzito zaidi katika joto. Zamani oili ilikuwa na namba moja tu, na watu wa nchi za baridi walilazimika kuibadili kila majira yalipobadilika. Oili za namba mbili zilienea tangu miaka ya 1950.

Basi, oili ya 10W hupimwa katika baridi ya digrii 25 chini ya sifuri, na ya 20W katika digrii 15 chini ya sifuri. Hapa kwetu usiku wa Julai hushuka mpaka digrii 13 au 14 tu juu ya sifuri. Kwa hiyo baridi ya Ulaya haituhusu, na ndiyo sababu vitabu vingi vya magari ya zamani huruhusu oili nzito zaidi katika nchi za joto. Lakini ruhusa hiyo itoke katika kitabu, isitoke katika kichwa cha muuza duka. Magari mengi mapya, hasa yale yatumiayo petroli na umeme pamoja, yana njia nyembamba za oili, nayo yametengenezwa kwa oili nyepesi kama 0W-20. Ukiyatia 20W-50 kwa kudhani unayatia nguvu, oili itachelewa kufika juu ya injini kila asubuhi, na injini italiwa polepole bila wewe kujua. Kadhalika oili nzito haiponyi injini iliyochakaa. Huenda ikapunguza moshi kwa siku chache, lakini ugonjwa umo ndani.

Jambo la pili ni namna ya injini. Juu ya dumu kuna herufi API, za taasisi ya mafuta ya Marekani, zikifuatwa na herufi nyingine. Zikianza na S, kama SN au SP, oili ni ya injini za petroli. Zikianza na C, kama CI-4 au CK-4, ni ya injini za dizeli. Oili nyingine huwa na zote mbili. Kwa petroli, herufi inayofuata kadiri ilivyo mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya siku za karibu: SP ilitoka mwaka 2020, na SN ilitangulia. Injini ya dizeli hutoa masizi mengi, nayo yahitaji oili yenye dawa ya kuyabeba. Kwa hiyo usitie oili ya petroli peke yake katika dizeli kwa sababu bei yake ni nafuu.

Vijana wa bodaboda wasikilize hapa. Katika pikipiki nyingi za kazi oili moja hulainisha injini, giaboksi na klachi. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki hufanya kazi kwa msuguano. Ukiitia oili hiyo, klachi huteleza: injini hulia sana, lakini mwendo hauji, hasa mlimani ukiwa na abiria. Tafuta dumu lenye herufi JASO MA, na uzito ule ambao kitabu cha pikipiki yako kinautaja.

Jambo la tatu ni ukweli wa oili yenyewe. Dukani kuna oili za kawaida na oili zilizotengenezwa kwa ufundi zaidi, ziitwazo sinthetiki, ambazo hustahimili joto muda mrefu zaidi. Zote mbili ni halali, ikiwa zina alama ambazo kitabu kinazitaka. Kisicho halali ni oili chakavu iliyochujwa kwa kitambaa na kutiwa katika dumu zuri. Nunua katika duka linalojulikana, tazama kwamba kizibo hakijafunguliwa, tafuta alama ya Shirika la Viwango la Tanzania, kisha uombe risiti. Ukimaliza, toboa dumu tupu au lifanyie kazi nyingine, wadanganyifu wasilijaze tena.

Mtu atasema, "Gari langu lilitoka Japani, nalo halikuja na kitabu, au kitabu chake ni cha Kijapani." Ni kweli, wengi wana shida hiyo. Kwanza tazama kifuniko cha kumiminia oili. Mara nyingi uzito umeandikwa juu yake. Pili, andika jina la injini lililo katika kibati cha gari, ukamwulize wakala wa gari hilo au fundi mwenye vitabu. Mkiwa na mwalimu kijijini ajuaye kutafuta katika intaneti, naye atawasaidia kukipata kitabu cha Kiingereza.

WAKATI WA KUBADILI

Oili haibadilishwi kwa rangi. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kutiwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Tena oili yaweza kuonekana safi nayo imekwisha kuishiwa dawa. Oili hubadilishwa kwa hesabu: kwa kilomita au kwa miezi, lo lote litakalotangulia. Ikiwa kitabu chasema kilomita 10,000 kwa kazi ya kawaida, mara nyingi chenyewe husema 5,000 kwa hali ngumu. Basi ninyi wa njia za vumbi fuateni hesabu ya hali ngumu. Gari lisilotembea sana nalo lisiachwe mwaka mzima, maana oili huzeeka hata katika kukaa. Mashine ya kusaga na pampu ya maji hazina kilomita. Hizo huhesabiwa kwa saa za kazi, na mwendeshaji azipige mstari ukutani au katika daftari kila siku.

Kupima ni kazi ya kila juma, na kabla ya kila safari ndefu. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiondoshe gari, mwite fundi. Ikinuka petroli sana au ikionyesha unga unaong'aa, kadhalika.

NAMNA YA KUBADILI

Kazi hii ifanywe asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka na kuleta vumbi. Mfuate utaratibu huu:

1. Weka gari mahali tambarare. Washa injini dakika chache ili oili ilainike, kisha uzime na kungoja kidogo. Oili yenye moto mkali huunguza ngozi.

2. Zuia magurudumu kwa mawe au magogo. Ikiwa lazima kuliinua gari, liwekwe juu ya stendi za chuma zilizo imara. Asiingie mtu ye yote chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki huteleza, na wengi wamekufa hivyo.

3. Futa vumbi lililo karibu na kifuniko cha juu, ndipo ukifungue. Weka chini ya sampu beseni lenye nafasi kupita kiasi cha oili. Gari dogo huwa na kadiri ya lita 4. Gari kubwa la dizeli laweza kuwa na lita 9 au zaidi. Pikipiki nyingi huwa na kadiri ya lita 1.

4. Fungua bolti ya sampu polepole, uiache oili itiririke dakika 10 au 15, mpaka iwe matone tu.

5. Toa chujio la zamani. Hakikisha mpira wake umetoka nalo, maana mipira miwili ikikaa pamoja oili itavuja yote njiani. Paka oili mpya kidogo juu ya mpira wa chujio jipya, ulifunge kwa mkono, kama maagizo yake yasemavyo. Usilikaze kwa spana.

6. Rudisha bolti ya sampu pamoja na washa mpya. Ikaze barabara, lakini usiipite kiasi, maana ukiharibu nyuzi zake gharama ni kubwa.

7. Mimina oili mpya, pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa, kwa faneli safi.

8. Washa injini bila kukanyaga moto. Taa nyekundu ya oili izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini mara moja utafute sababu. Tazama pia chini kama pana uvujaji.

9. Zima, ngoja dakika 5, upime kwa kijiti. Ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu, usiipite. Oili ikizidi hupigwapigwa na mhimili ikafanya povu, na povu halilindi chuma.

10. Andika katika daftari: tarehe, kilomita, namna ya oili, na chujio. Usiseme "nitaandika jioni."

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha, maana beseni la oili chakavu lingali chini.

OILI CHAKAVU NA MAJI TUNAYOKUNYWA

Tumeona watu wakimwaga oili chakavu nyuma ya gereji, katika mtaro, au shimoni karibu na korongo. Wengine huipaka nguzo ili mchwa wasile, na wengine huwapaka ng'ombe wenye upele. Mambo hayo yote yana hatari. Oili iliyotumika huwa na metali na sumu zilizozaliwa katika moto wa injini, na wataalamu wa saratani wameonya kwamba kugusana nayo siku nyingi kwaweza kuleta saratani ya ngozi. Fundi avae glavu, au walau anawe kwa sabuni upesi, wala asitie tambara lenye oili mfukoni.

Lakini hatari kubwa ni ya maji. Mji wa Dodoma hauna mto wa maji ya siku zote. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka chini ya ardhi, katika visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na vijiji vyetu vingi navyo hunywa maji ya visima. Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza kumbukumbu za miaka 55 za maji ya Makutupora walieleza kwamba bonde hilo halijazwi kila mwaka. Maji hushuka ardhini kwa wingi katika miaka michache tu ya mvua kubwa sana, kisha watu huyatumia miaka mingi mpaka mvua nyingine kama hiyo. Hiyo ni akiba ya ghala. Je, mtu mwenye ghala moja la uwele kwa miaka ya njaa atakubali jirani aje kumwaga sumu juu ya mlango wake? Idara ya mazingira ya Marekani huonya kwamba oili ya kubadili gari mara moja yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani lita zaidi ya milioni 3.

Kwa hiyo rudisheni oili chakavu katika dumu lenye kizibo, isichanganywe na maji wala petroli, mkaiandike "OILI CHAKAVU", mkaiweke mbali na watoto na moto. Dumu likijaa, lipelekwe kwenye gereji inayopokea, au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kutupa taka za hatari ovyo, na kiko chombo cha serikali chenye kusimamia. Lakini chombo hicho hakiwezi kuketi nyuma ya kila gereji. Wenye kuona ni ninyi. Kijiji kikichagua mahali pamoja pa kubadilia oili, penye sakafu ya saruji na pipa moja la kukusanyia, kitakuwa kimelinda visima vyake kwa gharama ndogo.

MWISHO

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pikapu ya kikundi chetu ilitengenezwa mwishowe, kwa deni lililochukua misimu miwili kulipwa. Dereva ni yule yule. Siku ilipotoka gereji tulimpa daftari dogo lenye kamba, likafungwa karibu na usukani, nasi tukalinganisha maandiko yake na kitabu cha hesabu kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni alidhani kwamba hatumwamini. Lakini msimu uliofuata, siku ya kupakia zabibu, mzee mmoja alikuwa na haraka, akamwambia aondoke upesi kabla ya jua. Kijana akafungua daftari, akamwonyesha namba, akasema, "Mzee wangu, shikamoo, lakini leo gari haliondoki mpaka limebadilishwa oili." Mzee akatutazama sisi, nasi tukanyamaza. Akaketi juu ya kreti, akangoja.

Zabibu zile zilifika sokoni siku hiyo hiyo, zikiwa nzima.